Boneti ya Baba

Baba yangu mpenzi,

Shikamoo. Naitoa mapema, tena kwa magoti yote mawili, maana ukifika ukurasa wa tatu huenda ukaona sistahili kuitikiwa. Mimi ni mzima, ila kamafua kadogo kananisumbua kwa sababu ya vumbi la msasa. Wewe je, hujambo? Goti la kulia linaendeleaje? Dada ameniandikia kwamba dawa za presha unazimeza siku unayojisikia wewe, na siku nyingine unazipumzisha. Tafadhali, baba, dawa haziombi likizo. Zimeze.

Najua unajiuliza kwa nini nimeandika barua wakati simu ipo. Nimekupigia mara nne mwezi huu, na kila nikilifikia neno gari unaniambia mtandao umekuwa mbaya. Mtandao unaoharibika kwa neno moja tu sijawahi kuuona. Karatasi haina mtandao, basi vumilia usome mpaka mwisho, hata kama utakuwa unaguna.

Habari za huku kazini ni nzuri. Gereji imehamia kwenye banda kubwa nyuma ya ghala la mbao, nami nimepewa kona yangu yenye meza, dirisha na kabati la vifaa. Ufunguo wa kabati ninalala nao shingoni. Msimamizi wetu, yule mwenye kipara ninayekusimulia kila mara, ananiita Binti Mpima kwa sababu nilimwambia baba yangu alikuwa mpima ardhi. Nikiwa nakaza nati anapita nyuma yangu akiuliza kama nimeshaweka vigingi vya mipaka. Ni mtu mwema, ingawa chai yake anaitia sukari mpaka kijiko kinasimama.

Wiki iliyopita palikuwa na ubishi ambao ungekuwepo usingekula chakula cha mchana. Dereva mmoja wa teksi aliletwa akiwa anavutwa kwa kamba, yeye na gari lake, Pembe nyeupe isiyofikisha miaka mitatu. Ilikuwa Pembe ya tatu kuvutwa wiki hiyo. Huyo dereva alikuwa amenuna, si kwa sababu ya kuharibikiwa bali kwa sababu ya aibu. Alituapia kwamba babake aliendesha Pembe, babu yake alipanda Pembe, na kwamba kama hii imezima basi kosa ni la mafuta, au la barabara, au la abiria mnene aliyemshusha asubuhi. Ilmradi kosa lisiwe la Pembe.

Mama Spea, anayetuuzia vipuri hapo mlangoni, alicheka mpaka akashika nguzo. Alisema yeye hasikilizi sifa za mtu, anaangalia rafu zake. Zamani vipuri vya Pembe vilikuwa vinaota vumbi, na vya magari ya Kasa havikai siku mbili. Sasa mambo yamegeuka. Mkanda wa ndani wa hizi injini ndogo mpya za Pembe unakatika mapema, akileta kumi leo keshokutwa imekwisha, na vipuri vya Kasa anavipangusa kwa kitambaa kila Jumatatu. Najua wewe Kasa huwezi hata kulitaja bila kutabasamu, na umetuambia tangu utotoni kwamba mtu akishaliita gari lake jina la mnyama wa kutambaa ameshakuonya mwenyewe. Lakini rafu ya Mama Spea haina ushabiki.

Ndipo msimamizi akasema neno lililoninyima raha siku nzima. Alisema tatizo si chapa peke yake. Mwenye Kasa analeta gari lake kila mwezi kwa sababu analiogopa, na mwenye Pembe halileti mpaka life kwa sababu analiamini. Alisema katika miaka yake yote hajawahi kuona Pembe iliyodumu bila kuguswa, na akimwona mtu anayedai anayo, atataka kujua ni nani anayeigusa wakati mwenyewe hayupo. Wote wakacheka. Mimi nilijifanya natafuta spana chini ya meza.

Sasa nije kwenye shabaha, baba. Shangazi ameniandikia. Unajua ameshapewa kazi ya kuzungukia zahanati nne, na wakati mwingine itambidi ambebe mama mwenye uchungu ampeleke hospitali kubwa. Anasema umeshamwambia anunue Pembe mpya, ile ndogo, tena umemwambia asipoteze muda kuuliza watu, maana yako ina miaka ishirini na mitatu na haijawahi kukulaza njiani wala boneti yake haijawahi kufunguliwa na fundi. Anasema mwisho wa mwezi anakwenda kuichukua. Mwisho wa barua yake ameniuliza mimi kama mtu wa gereji nina la kuongeza, na akaniomba nisimfiche. Nimeisoma barua hiyo mara nyingi. Nikimjibu kinyume chako hatanisikiliza, maana kwake neno la kaka yake ndilo la mwisho. Na nikinyamaza, namwona shangazi yangu amesimama kwenye kilima fulani na mzazi kwenye kiti cha nyuma, na injini imezima.

Kwa hiyo nitakuambia jambo nililoahidi sitakuambia. Nilimwahidi mama, na mama hayupo wa kunifungua. Naamini angemhurumia shangazi kuliko angenikasirikia mimi.

Baba, boneti ya gari lako imefunguliwa. Imefunguliwa karibu kila Jumamosi mchana kwa miaka ishirini na moja, ulipokuwa umelala baada ya kula.

Wewe, uliyepima upya kiwanja cha watu mara tatu kwa sababu ya shubiri moja, hukuwahi kupima oili ya gari lako hata siku moja. Ulikuwa na ule msimamo wako kwamba gari zuri ukiligusa umelichokoza, na aliyewahi kukushauri vingine ulimwona hana adabu. Mama hakubishana nawe. Alikuwa fundi cherehani, na aliniambia injini ni cherehani kubwa tu, ina mikanda, ina mafuta, na ikiumwa inabadilisha sauti. Alikuwa akiwashonea ovaroli mafundi wa gereji ya pale kona, nao kidogo kidogo wakamfundisha. Unakumbuka alivyokuwa akisinzia kila mkisafiri, kichwa kwenye kioo, mpaka ukawa unamtania kwamba amezaliwa na usingizi wa mtoto mchanga? Hakuwa amelala. Alikuwa anasikiliza. Jumamosi ananiambia kwenye mlima kulikuwa na mluzi, twende tukautafute.

Mimi nilikuwa na miaka minane nilipoanza kumshikia vifaa. Plagi tumebadilisha sijui mara ngapi. Rejeta ilivuja mara mbili, na mara ya pili mama alisema anakwenda kununua vitambaa, akachukua gari, akarudi jioni bila kitambaa hata kipande. Wewe ulimwonea huruma kwamba hakupata rangi aliyoitaka. Ile safari ya kwenye harusi ya dada, uliyoisimulia mpaka wageni wakaikariri, kwamba kilomita mia sita gari halikuhema, mama alikuwa amelihudumia siku tatu mfululizo na vidole vyake vilinuka mafuta chini ya hina.

Nilimuuliza siku moja kwa nini tusikuambie tu. Alikuwa anapangusa mikono kwa gazeti. Alisema kazini walikuruka mara nne walipokuwa wakipandisha vyeo, na ukirudi nyumbani ulikuwa hulalamiki, unakwenda kusimama nje, unaliangalia gari lako, unaingia ndani umepona. Alisema kama raha ya mtu iko chini ya boneti na yeye mwenyewe hataki kuiangalia, basi wanaompenda waiangalie kwa niaba yake. Nimeyakumbuka maneno hayo yalivyo, kwa sababu hakuwa mtu wa kusema mambo ya namna hiyo kila siku.

Na sasa ule mlio. Najua ndio utakaokuuma zaidi, ila ukicheka kidogo nitafurahi. Umewaambia watu wote kwamba Pembe halisi ikiteremka mlima inasema, ti-ti-ti, taratibu, na isiyosema ni ya kughushi. Mfamasia jirani yetu alijaribu Pembe tatu akazikataa zote kwa sababu zilikuwa kimya. Baba, ile ni spana namba kumi. Mama aliisahau karibu na betri Jumamosi moja alipoitwa ghafla na mteja. Wiki iliyofuata tuliitoa, na wewe ukarudi kutoka kazini umenyong'onyea, ukasema gari limepoteza kitu, si lile tena, na kwa mara ya kwanza ukataja habari ya kuliuza. Mama aliniangalia mezani, mimi nikaangalia sahani yangu. Jumamosi tukairudisha. Mama aliifunga vizuri isije ikadondoka, akaiachia nafasi kidogo tu ya kugonga. Jumatatu ulirudi ukipiga mluzi.

Tangu mama atutoke, umekuwa ukiwaambia watu kwamba gari linaomboleza. Kwanza lilikataa kuwaka asubuhi za baridi, kisha likaanza kuchemsha, na sasa dada anasema limekaa uani miezi miwili na hutaki mtu alisogelee, unasema liachwe limalize majonzi yake. Siku ile nyumba ilipojaa wageni nilikusikia ukisema kwamba angalau gari lile halikumwacha mkeo njiani hata mara moja. Nilitoka nje nikalia nyuma ya tangi la maji. Nilitaka kukuambia ni yeye ambaye hakuliacha gari.

Nisamehe. Nisamehe kwa kunyamaza, na zaidi kwa kuondoka kuja kufanya kazi huku bila kumwachia mtu mwingine zile Jumamosi. Nilijua litakufa na nikapanda basi. Umezoea kuwaambia watu kwamba binti yako amekuwa fundi kwa sababu alikua akiangalia ubora wa Pembe. Nilikua nikiangalia ubovu wake, baba, na mikono ya mama.

Sisemi gari lako ni baya. Lile la zamani lilikuwa na chuma cha haki, na sifa zake za wakati ule hazikuwa uongo. Ila nembo iliyobandikwa mbele ya hizi ndogo mpya ni ile ile, na kilichomo ndani si kile. Mwandikie shangazi, tafadhali, kabla ya mwisho wa mwezi. Mwambie akitaka Pembe atafute ya zamani, akitaka Kasa asione haya, na lolote atakalochukua aniletee kila baada ya miezi mitatu, bila kukosa, nilisikilize. Akilisikia kwako atalikubali. Nami nimeomba likizo ya wiki moja. Nitafika Alhamisi ya wiki ijayo na sanduku langu la vifaa, na Jumamosi usilale mchana.

Lakini kabla sijafika, kabla hujakasirika, na kabla hujamwita dada umwambie nimerukwa na akili, naomba ufanye jambo moja. Toka nje. Chini ya usukani, upande wa mlango, kuna kishikio cheusi. Kivute, kisha nenda mbele, ingiza vidole kwenye upenyo, sukuma kitasa, nyanyua. Angalia upande wa betri. Utaona spana imefungwa kwa kitambaa cha kijani kilichopauka. Ni pindo la lile gauni alilovaa mama kwenye harusi ya dada. Wewe ndiye uliyemchagulia kile kitambaa, na alipolipunguza urefu ulimuuliza kwa nini anaharibu nguo nzuri, akasema ni kwa ajili ya kitu anachokipenda. Fundo ni la mkono wake. Usilifungue, na wala mimi sitaligusa.

Msalimie dada na wanawe, mwambie yule mdogo nimemwekea gololi za chuma alizoniomba. Wasalimie majirani, na mfamasia umwombe radhi kwa niaba yetu sote. Mimi ninakupenda, na nitakupenda hata ukikataa kunifungulia mlango Alhamisi.

Ni mimi mwanao wa mwisho,
mwanafunzi wa mama.