Pete Niliyovishwa na Daktari

Kambi ya Mkonge, Tanga

Dada Nakunda,

Shikamoo dada yangu. Sisi huku tunapumua, ila joto na mbu wanatumaliza. Vipi Chome, baridi bado inakukohoza? Nauliza kikohozi kwa makusudi. Barua hii isome peke yako. Akiisoma shemeji, nitakufa kwa aibu.

Tangu nimzae huyu kitindamimba, kila jioni nikitoka kuanika katani nilisikia uzito huko chini, kama nimekalia yai. Nikilala, unapungua. Nikikohoa au kucheka, mkojo unanitoka. Nikienda chooni, narudi na bado nahisi sijamaliza.

Nikaenda kwa dresa anayetibu hapa kambini, kijana hata ndevu hana. Ningemwambiaje? Nikasema, "Mwanangu, nina mgeni, amefika mlangoni."

Akanijibu, "Basi mkaribishe, mama, mpe maji ya kunywa."

Nikarudi nyumbani na mgeni wangu. Nilipozidiwa nikaenda hospitali ya mjini, kwa mama mkunga. Huyo hakuhitaji mafumbo. "Kibofu cha mkojo kimeshuka," akasema. "Ni uzazi na mizigo mizito. Hujarogwa." Daktari akaniwekea pete ya mpira humo ndani ya kukizuia.

Shemeji yako alisikia nusu ya habari. Alizunguka kambi nzima akiuliza daktari amemvisha mkewe pete kwa ruhusa ya nani, na mahari kapokea nani. Nilicheka, dada, nikacheka hadi nikakaa chini. Na kanga yangu ikabaki kavu!

Hapo ndipo nikakukumbuka. Kwenye harusi ya mdogo wetu, kila tulipocheka ulikimbilia migombani. Kwaya umeacha, watu wanasema unaringa. Na bado unashuka mlima na mkungu wa ndizi kichwani! Dada, nadhani nawe una mgeni huyu, na ninaogopa kwa ajili yako. Tua hiyo mizigo, nenda kwa mkunga wa misheni, useme "kibofu" waziwazi. Ukisema mgeni, utaambiwa umpikie makande.

Nisalimie mama, na mjomba wetu fundi wa mizinga ya nyuki. Shangazi msalimie pia, ila usimwambie kitu, kwaya nzima itajua.

Mkataba wetu ukiisha nitapanda gari moshi hadi Same. Nikifika nitakuigizia shemeji yako anavyodai mahari ya daktari, nawe ukae hapo hapo jikoni ucheke hadi mwisho.

Mdogo wako mwenye pete mbili,
Elinaja