Rangi Isiyochujuka

Kaka yangu wa mbali,

Huku hatujambo, kama unataka kujua. Paa halivuji tena, na paka wako amezaa.

Mama alipolalamikia tumbo, ulisema kwenye simu, "Anadeka huyo, mpuuzeni." Nikampeleka hospitali mwenyewe. Kinyama walichomkata kililetwa maabara, mezani kwangu, nikakiweka juu ya kigae cha kioo na kukitia rangi kwa mikono yangu. Bila rangi, seli ni kama maji, huoni kitu. Baada ya rangi, darubini haina huruma: viini vya zambarau vimesongamana, saratani tupu.

Daktari ametuambia tumrudishe nyumbani. Mama anauliza tu kama umepata likizo.

Kile kigae cha kioo chenye kinyama chake nimekihifadhi. Rangi yake haichujuki. Ukichelewa mazishi, njoo umtazame humo.

Dada yako