Mshumaa wa Frume

Moishe mwanangu,

Supu ya kuku iko jikoni, ipasheni moto tu. Msiweke siagi kwenye mkate; nyama na maziwa tusivichanganye, walau leo.

Nimekwenda sinagogi. Asubuhi Florence aliukuta mshumaa dirishani, akaupuliza na kupiga makofi: "Hongera, babu! Umetimiza miaka mingapi?" Mkeo akacheka. Siwalaumu, hakuna aliyewafundisha. Lakini wewe ulijua kwamba tunauwasha kila mwaka siku aliyofariki mama yako, na hauzimwi mpaka uishe wenyewe. Ukaendelea kunyoa ndevu. "Baba, usianze tena," ukaniambia kwa Kiingereza. Kiingereza nilikisomea shule ya usiku hapa Brooklyn, baada ya kushona makoti kutwa nzima, ili nikuelewe. Nimekuelewa.

Nimeuwasha tena. Msiuguse.

~~Leo nitalala kwa rafiki yangu Lazar.~~ Nitarudi baada ya sala ya jioni.

Nilipokuwa navaa viatu nilimwuliza Florence kama anajua jina lake alilirithi kwa nani. Nilitaka aseme Frume, bibi yake; ile F ya mwanzo ni yake.

"Kwa mwigizaji wa sinema, babu. Baba ndiye aliyeniambia."

Baba yako