Mdomo Uliotikisika

Mama yangu,

Usinicheke. Nimetengeneza mashine ya kukuzia picha! Hakuna aliyenifundisha. Nimechukua debe la biskuti, lile lenye picha ya Malkia, nikatia balbu ndani. Chini nimefunga lenzi ya kamera mbovu ya mjomba, jicho lile lile lililokuona, na kati nimechomeka filamu. Malkia anaungua mgongo, lakini wewe unashuka mpaka kwenye karatasi! Kwenye filamu nywele zako zinatoka nyeupe, mama. Uzee ambao hukuufikia.

Ni picha yako moja tu hiyo. Na kesho Zena anapanda treni kwenda kwa mumewe Kigoma. Ulimwacha ananyonya, sura yako haijui. Juzi kaniambia, "Kaka, nikienda bila mama, nani kaniaga?" Basi tangu asubuhi nimo stoo, blanketi mlangoni, jasho chapachapa. Napandisha debe, nashusha. Ukungu. Napandisha tena. Ungekuwepo ungesema, "Saidi, umekalia siafu?"

Mara kanga yako ikatokea! Ua moja moja. Kiti, misumari ya mlango, mpaka hereni. Mdomo tu, ukungu. Nikashusha kidogo, kanga ikapotea, mdomo vilevile. Nusura nilipige debe teke. Ndipo nikakumbuka. Lenzi haina kosa. Ni wewe.

Ulikuwa umekaa mlangoni, barabara ya zamani ya misafara, ile ya Ujiji, inapita mbele yako. Mimi nimeng'ang'ania pindo lako. Mjomba anafoka, "Dada, usitikisike, hata kope!" Muuza karanga akapita.

"Shikamoo, mama Saidi!"

"Marahaba, mwanangu!"

Kamera, ka!

"Aa, dada! Umeharibu!"

"Kwani picha ndiyo nini, hata nimwache mtu na salamu yake mdomoni?"

Nikaitia karatasi kwenye dawa ya kusafishia picha hivyo hivyo. Nikampelekea Zena ikiwa bado inachuruzika maji, najitetea kabla hajaiona: "Mdomo umeharibika, lakini..."

"Hebu nyamaza." Akaiinamia. "Mbona kama anaongea? Anasema nini?"

"Anaitikia salamu."

Zena akashusha mtandio, akapiga goti.

"Shikamoo, mama."

 

Lala salama. Anayepita huko akikusalimu, najua humwachi na salamu yake mdomoni.

Ni mimi, kifungua mimba wako.