Majani Katika Ngano ya Karanja

Thika, Julai 1957

Karanja, rafiki yangu,

Juzi nilikwenda kaburini kukupa habari ya ngano yako, na nilipofika nikaishia kunong'ona. Mimi, niliyewakemea watoto miaka mingi kwa kunong'ona darasani. Kwa hiyo naandika.

Mbegu uliyoiacha kibuyuni, mkeo Wanjiru na mimi tuliipanda nyuma ya nyumba yenu Ruiru, mvua ndefu zilipoanza. Miche mingi ilitoa masuke mapema, kama ngano yetu. Lakini hapa na pale mingine haikutoa suke lolote. Ilibaki majani matupu. Majirani walimtania Wanjiru kwamba marehemu amemwachia malisho ya mbuzi. Alicheka nao, kisha akaingia ndani akalia. Alidhani kazi yako imeharibika.

Unakumbuka ulivyozificha mbegu za ile ngano ya kigeni, isiyoshikwa na kutu, ule ugonjwa wa majani, katika chumba baridi cha siagi cha shamba ulikofanya kazi, na mpishi akakuuliza kama zina homa. Bila baridi kali kama ya kwao haichanui, na baridi hiyo Ruiru hatuna. Ilipochanua, uliipaka chavua yake kwenye suke la ngano yetu, ambalo ulikuwa umelinyofoa chavua yake lenyewe kwa kibano, ukalifunika kwa karatasi. Lakini watoto wa suke lile wote walichanua mapema kama mama yao. Msimamizi wa shamba akasema mbele ya vibarua kwamba hukuchanganya kitu, kwamba kwa uzembe wako suke lilijizalia lenyewe. Jioni uliniambia tu, "Mwalimu, ngoja wajukuu," ukazitia mbegu za watoto hao kibuyuni.

Ulinieleza kwamba tabia ya kungoja baridi hufunikwa na tabia ya ngano yetu isiyongoja. Mtoto aliyerithi zote mbili huchanua mapema. Ila miongoni mwa wajukuu wapo wanaorithi kungoja kutoka pande zote mbili, na hao hubaki majani. Kama suke lingejizalia lenyewe, tusingeona hata mche mmoja wa namna hiyo.

Nilimweleza Wanjiru hivyo hivyo, tukiwa shambani. Alipiga magoti, akayashika yale majani. "Kumbe alifanya," akasema.

Msimamizi alikwisha kuhamishwa. Sikusikitika, wa kuonyeshwa ulikuwa wewe. Wewe ungalizunguka mche kwa mche, bila haraka, na mimi ningalikuhimiza twende chai imepoa. Sasa chai inapoa, na sina wa kumhimiza.

Nakuahidi haya: masuke ya mapema yaliyoepuka kutu tumeyafunga uzi, nayo ndiyo tutakayopanda mvua zijazo. Mbegu hiyo haitachanganywa na nyingine maadamu ningali hai.

Kwaheri, Karanja. Bado nageuka shambani ili nikuulize jambo. Wanjiru huinamisha uso upesi, ajifanye hakuniona.

Rafiki yako,
Mwalimu