Mashine ya Baba Imepatikana

Kwako Dada yangu mkubwa,

Salamu nyingi zikufikie hapo ulipo, wewe na shemeji na wanangu wote wawili. Goti lako linaendeleaje? Katika barua yako ulisema likikaza asubuhi unashuka ngazi kinyumenyume. Nilicheka peke yangu, kisha nikaona haya kwa kucheka. Usibebe ndoo za maji. Wanao wana mikono, waitumie. Sisi huku wazima, au niseme tunapumua, maana uzima nao una madaraja yake. Dawa za Baba ulizotuma zimefika zote salama.

Baba yuko vilevile. Upande wa kulia umelala, ulimi umelala, lakini macho na masikio yako kazini kutwa. Akitaka chai hugonga mkono wa kiti kwa kiganja cha kushoto. Chai ikiwa imepoa, hugonga mpaka jirani anajua. Kinachotugombanisha ni kunyoa. Unamjua kwa unadhifu wake. Hizi nyembe za plastiki za dukani zinamvuta ndevu badala ya kuzikata, na kila nikimaliza ananitazama kama mtu aliyeuziwa viatu vya mguu mmoja.

Sasa kaa vizuri, Dada, maana nina habari ambayo sijui niishike wapi isinikate. Mashine ya kunyolea imepatikana. Ndiyo, ile ile.

Jumanne ya wiki iliyopita nilikuwa karakanani nashona kishikio cha mkoba wa ngozi, akaingia mwanamume mmoja mrefu, shati limepigwa pasi vizuri, mkononi ana kitu amekifunga kwa taulo. Bosi, kama kawaida yake, alimwambia kazi za kichaa zinakwenda kwenye meza ya yule mama wa pembeni. Yule mtu akaja kwangu, akaniuliza kama ninaweza kumkatia mkanda wa ngozi wa kitu ambacho hakuna fundi anayekitambua. Mama yake alikuwa amefariki miezi mitatu nyuma, na alikuwa amekikuta chini kabisa ya sanduku lake la nguo. Amejaribu kutia wembe wa kawaida, hauingii. Muuza vyombo mmoja alimwambia ni cha kukatia karatasi, mwingine akataka kukichukua kama chuma chakavu.

Akafungua taulo. Kasha la bati, jembamba, rangi ya fedha imebanduka kwenye pembe; ndani mashine fupi nene, na kipande cha mkanda kilichokauka kama ganda la mti. Kabla hata sijaigusa nilimwambia ni mashine ya kunyolea, ya zamani, inayojinoa yenyewe. Nikamwonyesha kwamba wembe wake ni mnene, una makali upande mmoja, na hautolewi kila siku. Nyuma ya kichwa kuna upenyo. Unapitisha mkanda humo, unavuta mbele na nyuma, vigurudumu viwili vinaulaza wembe upande huu kisha upande ule, na makali yanarudi. Jamaa akasema mimi ndiye wa kwanza kuitambua. Bosi akauliza mambo hayo nimejifunzia wapi. Nikajibu kwamba zamani mashine za namna hii zilikuwa tele.

Na kweli, Dada, nilijiambia zilikuwa tele. Kisha nikaigeuza kutazama vigurudumu. Kimoja cheupe, kimoja cha njano.

Utakumbuka kile cheupe cha pili kilipovunjika, fundi saa akachonga kingine kwa shaba ya njano, na Baba akamnunia wiki nzima kwa sababu rangi hazilingani. Kiwandani walitoa mashine maelfu. Yule fundi alichonga kigurudumu kimoja tu.

Sina haja ya kukusimulia ile Jumatatu, wewe ndiye uliyeibeba. Lakini niandike, ili ujue nami naikumbuka. Baba alikuwa amerudi Jumapili kutoka kwenye safari zake za kila mwisho wa mwezi, kukagua mizani za maduka. Asubuhi Mama akamwekea maji ya moto na kioo, akauliza mbona kasha halipo rafuni. Baba akauliza nani ana rafiki kinyozi humu ndani. Ukacheka, ukidhani ni utani. Hakuwa anatania. Alikwenda hadi kwenye kibanda cha kunyolea cha mchumba wako, akamwaga droo zake zote barabarani mbele ya wateja, na yule kijana wa watu akainama kuokota vitana vyake kimoja kimoja. Ndoa ikafia hapo. Mama alipekua magodoro, akafukua hata shimo la takataka kwa jembe. Wewe ulikataa kuomba msamaha kwa kitu ambacho hukufanya, Baba akasema basi nyumba haiwatoshi wewe na yeye. Uliondoka na begi moja, una miaka kumi na tisa. Na Mama, mpaka anakata roho, alikuwa akisema: "Angeomba tu msamaha, yakaisha."

Basi nilimwuliza yule mtu mashine ilikuwa ya nani. Akasema ya baba yake. Baba yake alikuwa mtu wa serikali, wa kusafiri, anakuja kwao kila wiki ya mwisho wa mwezi. Yeye alipokuwa na miaka mitano, baba huyo aliwaletea lile kasha, akamwambia mama yake kwamba sasa akija hatakwenda tena kwa kinyozi, hapa pia ni kwake, na mashine ibaki. Ikabaki. Miaka sita, Dada. Miaka sita kila mwisho wa mwezi alinyolea pale, na huyu akiwa mtoto ndiye aliyekuwa akipewa mkanda avute. Kisha akaacha kuja. Mama yake alimwambia amehamishwa mbali, baadaye akamwambia amekufa. Nilihesabu kwa vidole chini ya meza: mwaka alioacha kwenda kule ndio mwaka aliostaafu Baba yetu.

Nikamtazama vizuri sasa. Masikio ya Baba, Dada. Hata ule mtindo wa kukunja taulo pembe kwa pembe.

Hayo sikumwambia bado. Nilimwambia arudi baada ya wiki, ngozi nzuri inataka muda. Nilichagua ngozi ya ng'ombe iliyolainika, nikaikata upana wa kuingia kwenye ule upenyo bila kubana, nikaisugua upande mmoja mpaka ikawa laini kama ndani ya sikio, nikatia pete ya kuning'inizia. Tangu nianze kazi ile sijawahi kukata mkanda mzuri kama huo. Siku ya pili nikaubeba nyumbani pamoja na kasha.

Asubuhi nilimweka Baba dirishani kama kawaida, nikampaka povu. Nikatundika mkanda kwenye komeo la dirisha, nyuma yake, asipoweza kuona. Nikaupitisha kwenye mashine, nikaanza kuvuta. Chaka-chaka, chaka-chaka. Unaukumbuka mlio ule. Ndio uliokuwa ukituamsha kwenda shule. Shingo ya Baba ikasimama. Ule mkono wa kushoto ukakamata kiti mpaka kikalia.

Nikaja mbele nikamwonyesha. Hakutazama mashine, alinitazama mimi.

Nilimnyoa. Mashine ile haitaki nguvu. Unailaza shavuni, unauacha uzito wake ufanye kazi, unavuta taratibu kufuata ndevu zinavyolala, na kila baada ya mivuto michache unaisuuza. Sikumchubua hata mahali padogo. Nataka ujue hivyo, maana nilikuwa na kila sababu ya kumchubua. Nilipofika kooni nikasema, "Mwenye mashine hii anafanana na wewe mpaka masikio, Baba. Mama yake amekufa. Alimwambia wewe ndiye uliyekufa." Akafumba macho. Nikasema, "Dada hakuiba." Akayafumbua. Nikasema, "Nitamwandikia."

Hapo akainua mkono wa kushoto, polepole, ukipita kwenye povu, akaweka kidole mdomoni. Nyamaza.

Dada, weka barua chini kidogo kama kuna mtu karibu nawe, kisha uisome mwenyewe. Ile haikuwa mara yangu ya kwanza kukiona kidole kile.

Nilikuwa na miaka tisa. Asubuhi Baba alipokuwa anajiandaa kwa ile safari, nilikuwa nimekaa mlangoni pa chumba chao nafunga kamba za viatu. Nilimwona akitoa kasha rafuni, akalifunga ndani ya shati, akalitia kwenye begi chini ya makaratasi yake. Akageuka, akaniona. Akatabasamu, akaweka kidole mdomoni. Nikadhani ni mchezo wetu wawili. Nilifurahi, Mungu anisamehe, nilifurahi kwamba Baba ana siri na mimi na si na wewe.

Ile Jumatatu alipokuwa akikupigia kelele, nilisimama nyuma ya Mama. Aliniangalia mara moja tu. Hakuweka kidole, hakukuwa na haja. Unaweza kusema nilikuwa mtoto, na ninajua utasema, kwa sababu ndivyo ulivyo. Lakini nilipofika miaka kumi na tano sikuwa mtoto. Siku ya maziko ya Mama, uliposimama nje ya ua kama mpita njia kwa sababu Baba hakutaka uingie, nilikuwa mtu mzima mwenye mume. Nilikuletea kiti, nikarudi ndani. Nilichoogopa ni kuwa wa pili kufukuzwa. Na tangu ile Jumatatu nilijiambia nimesahau, na mtu akijiambia hivyo miaka ishirini na minane anakuwa hodari wa kusahau. Yule jamaa alipotamka "ya baba yangu", sikushtuka hata kidogo. Ndipo nilipojijua.

Alikuja kuchukua mkanda wake juzi. Nilimweleza yote, nikiwa nimesimama, bosi akijifanya anahesabu sindano. Akauliza, "Kwa hiyo anaishi?" Nikamwambia anaishi, mtaa wa tatu kutoka hapa. Akafunga kasha kwenye taulo. Akasema mama yake alilala na njaa siku nyingine akimlilia yule aliyeitwa marehemu, na yeye hana la kumwambia mtu aliye hai. Akanishukuru kwa kazi, akaniita dada, akaenda. Sikumkimbilia. Baba nimerudi kumnyoa kwa zile za plastiki, na akinitazama namtazama.

Kuhusu dawa, fanya moyo wako unavyotaka. Ukiacha kutuma, sitakuuliza. Ukiendelea, walau utatuma ukijua unamtumia nani. Sikuombi msamaha katika barua hii, maana Mama alitaka uombe wako bure, na sitaki neno hilo litumike ovyo tena kati yetu.

Nisalimie shemeji, mwambie viatu vyake nimemaliza kuvishona, nitavipeleka posta wiki ijayo. Wabusu wanangu. Mtoto wangu mkubwa anakusalimu. Jirani anakusalimu. Baba hakusalimii. Tangu uondoke hajatuma salamu hata siku moja. Zile zote nilizokuandikia miaka hii, kwamba Baba anakusalimu na anauliza hali yako, nilizitunga mimi.

Ni mimi mdogo wako,
uliyekuwa ukiniita Kiroboto.