Mafiga ya Bibi Yamerudi Meusi

Mjomba,

Shikamoo. Najua huitikii, lakini nimeitoa, watu wasije wakasema mpwa wako hana adabu. Umenichosha, Mjomba. Nalisema hilo mapema, kabla sijaanza kulia, maana nikishaanza sitasema tena.

Kwa desturi yetu, mali ya mjomba humwangukia mpwa. Wenzangu wamerithi mashamba ya mpunga, wamerithi mbuzi. Mimi nimerithi ghala lililojaa vinu. Ulistaafu kushika bendera pale stesheni ya Kilosa, ukaomba ghala bovu la reli, ukaandika mlangoni kwa chaki: TULIVYOISHI HAPA. Ukakusanya vitu vya sisi Wasagara na vya watu walioletwa na katani na reli: mzinga wa nyuki, kigoda, kisu cha kukatia mkonge, taa ya gadi wa treni. Ukaniambia watalii wanaokwenda Mikumi watapinda njia waje kutazama. Mjomba, wale wanakuja kuona tembo. Hakuna aliyepinda.

Na mdomo wako huo! Kila aliyeingia ulimwambia, "Hii taa yangu, hiki kinu changu." Nilikukanya, vitu ni vya watu. Ukajibu, "Changu kwa mapenzi, Mwanahawa." Haya, mapenzi yako yamenitembeza juani mpaka soli za viatu zimeisha.

Siku ya mazishi Mzee Maganga, huyo mtani wako Mnyamwezi, alitangulia mbele ya jeneza amevaa kofia yako ya kazi. Katikati ya njia akageuka, akakunjua bendera nyekundu. "Treni haina ruhusa! Dereva amelala!" Wabebaji wakasimama kweli. Shehe akakunja uso. Mimi nilikuwa nalia, nikajikuta nacheka, nikakasirika kwa kucheka. Tulimpa jogoo ndipo akainua bendera ya kijani, ukapita.

Nikadhani utani umeishia hapo. Watani wana haki ya kubeba vitu vya marehemu mpaka wafiwa wavikomboe, nani asiyejua? Nilitegemea wachukue baiskeli yako, au ile kanzu iliyotoboka. Tuliporudi kutoka makaburini ghala lilikuwa wazi, ndani hamna hata ungo. Maganga na nduguze walikuwa wamebeba makumbusho yote. Nilipomfuata kwake aliniangalia kama mtu aliyeonewa. "Marehemu alisema kwa kinywa chake mwenyewe, vyangu. Leo mnamkana maiti?"

Na kweli, Mjomba. Ulisema.

Wakati huohuo Katibu wa kijiji alikuwa ameshaniambia kwamba afisa utamaduni atakuja kutoka Morogoro baada ya arobaini yako, na asipokuta kitu cha maana, ghala litawekwa mbolea ya shamba la ujamaa. Simlaumu Katibu, mbolea yake inanyeshewa. "Tunajenga taifa, dada yangu," akaniambia, "vinu kila nyumba vipo." Basi nikaanza kuzunguka. Kinu nilikikuta kinatwanga. Taa ya gadi ilikuwa inamulikia banda la kuku. Mzinga ulikwisha tundikwa mtini na nyuki wamehamia, kwa hiyo huo usiuulizie, umebaki hukohuko. Vingine walivirudisha kimojakimoja, kwa kuku, kwa matusi ya utani, kwa mimi kuambiwa nimerithi sura yako mbaya.

Likabaki figa moja.

Unayakumbuka mafiga ya Bibi, mama yako? Siku tuliyohama Malolo kuja kijiji kipya cha hapa Kilosa, lori linatungoja, watu wamebeba milango na kuku, wewe unatoka jikoni kwa Bibi umekumbatia mawe. Dereva akauliza, kwani huko mnakokwenda hakuna mawe? Ukampita, ukapanda lorini. Safari nzima uliyapakata. Halafu ulipofika Kilosa ukayasugua kwa mchanga na maji mpaka yakatakata! Yakae vizuri mbele ya wageni, ulisema. Masizi ya Bibi yote, ya uji wetu wote, umeyamwaga uani. Hilo bado linaniuma, Mjomba. Bibi angekukimbiza na mwiko.

Sasa figa moja lilikuwa jikoni kwa Maganga, mkewe anapikia, na mzee hataki jogoo. "Mafiga mawili hayainjiki chungu, Mwanahawa, na hili silitoi bure. Utupikie watani juu ya yote matatu, pale nje ya ghala, siku ya arobaini." Nilifoka. Nilimwambia vitu vya makumbusho havipikiwi. Akacheka mpaka akakohoa. Nikarudi nyumbani, nikaloweka kunde.

Siku hiyo, baada ya dua, niliinjika chungu. Na nani anashuka kwenye treni na mkoba wake, mapema kuliko alivyotangaza? Afisa utamaduni. Akaja moja kwa moja. "Ndugu, katika barua ya kuomba ghala mmetaja mafiga ya kale. Yako wapi?" Nikamwonyesha kwa mwiko, chini ya chungu, moto unawaka. Katibu alishika kichwa. Maganga akasogeza mkeka. "Keti, ndugu. Makumbusho hayajaiva."

Akala, akaongeza. Kisha akauliza mawe ni ya nani, na ndipo kila mtu akaanza kusema kwa pamoja, wazee waliotoka Malolo, wanawake wa reli, kila mmoja na jiko lake alilolihama. Maganga naye akapaza sauti ya mzaha: "Ya mama yangu yalibaki Unyamwezi tulipoletwa kwenye katani. Sijui nani anayapikia." Akataka kucheka. Hakuweza. Akainama akachochea moto ambao haukuhitaji kuchochewa, na hapo nikaelewa kwa nini kati ya vitu vyote alilishikilia lile jiwe. Hasira zangu kwake zikaniishia, nikabaki na zako tu.

Afisa ameamua. Nusu ya ghala ni yetu, nusu ni ya mbolea. Ndiyo, Mjomba, makumbusho yako yananuka, na Katibu ananipita kila asubuhi na magunia. Nimechora mstari kwa chaki sakafuni na tayari ameuvuka.

Lakini mafiga yalipopoa niliyaingiza ndani mwenyewe, moja moja, nikayapanga mahali pake. Ni meusi. Nilipoinama nikasikia harufu ya jiko la Bibi, sijaisikia tangu Malolo, nikakaa chini kwenye simenti nikalia, kwanza kwa ajili yake, halafu kwa ajili yako. Nina hamu nawe, mzee mbishi wewe.

Sasa pumzika. Bendera ya kijani imeshainuliwa, huku nyuma nitagombana nao mimi. Kila mwaka siku kama ile nitayatoa nje niyapikie, na Maganga nimemwahidi ukoko. Wakija wageni na kuniuliza kwa nini mawe ni machafu, nitawaambia ni ya nani na kwa nini.

Siyaoshi, Mjomba. Ukitaka kugomba, njoo ndotoni.

Mpwa wako,
Mwanahawa